Majumba ya Sinema ya Mji Mkongwe wa Zanzibar: Kustawi, Kuzorota na Maneno Yaliyobaki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya majumba matatu ya sinema ya Mji Mkongwe wa Zanzibar: Majestic la Vuga, lililoanza kwa jina la Royal, Empire la Darajani, na Cine Afrique la Malindi, lililojulikana awali kwa jina la Sultana. Hoja kuu ni kwamba majumba hayo hayakuuawa na televisheni, kama inavyosemwa mara nyingi. Televisheni na video zilikuja kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa na mabadiliko ya umiliki, uhaba wa fedha za kigeni na kukosekana kwa matengenezo ya majengo. Aidha, makala yanaonyesha kwamba kilichopotea hakikuwa burudani peke yake. Jumba la sinema lilikuwa uwanja wa lugha, ambamo wasemaji wa asili mbalimbali waliifasiri kwa Kiswahili filamu isiyozungumza Kiswahili. Msamiati uliozaliwa humo ungali hai, ilhali majengo yaliyouzaa yamebadilishwa matumizi au yamebaki magofu. Makala yanapendekeza kwamba uhifadhi wa majengo na uhifadhi wa msamiati wake uchukuliwe kuwa kazi moja.

1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili cha karne ya 20 imeandikwa zaidi kwa kufuata njia tatu: shule, magazeti na redio. Usanifishaji, uchapaji wa vitabu na utangazaji vimepewa nafasi kubwa, na ni haki yake. Hata hivyo, ipo njia ya nne ambayo haijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya lugha, nayo ni jumba la sinema. Kwa zaidi ya nusu karne, wakazi wa miji ya pwani walikusanyika kila wiki katika giza la ukumbi mmoja kutazama hadithi zilizosimuliwa kwa Kihindi, Kiarabu au Kiingereza, kisha wakatoka nje na kuzijadili kwa Kiswahili. Jambo hilo ni la kihistoria, lakini pia ni la kiisimu.

Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake wa muda mrefu uliochapishwa kama kitabu mwaka 2018, ameonyesha jinsi utazamaji wa sinema ulivyokuwa sehemu ya maisha ya mijini Tanzania, na jinsi biashara hiyo ilivyoendeshwa na wenyeji wa Afrika Mashariki wenyewe, wengi wao wakiwa wenye asili ya Kihindi. Kazi hiyo imefungua mlango kwa wanahistoria wa miji. Kwa upande wa wataalamu wa lugha, swali linalobaki ni hili: mtaa unapopoteza mahali pa kukutania, lugha ya mtaa huo hupoteza nini na hubakiza nini?

Mji Mkongwe umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, majumba yake matatu yalikuwa katika eneo dogo linaloweza kuzungukwa kwa miguu, hivyo athari yake kwa mtaa inaonekana kwa uwazi. Pili, Zanzibar ndiyo makao ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na lahaja ya Kiunguja Mjini ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kinachozorota katika mtaa huu kinaihusu kanda nzima.

2. Mji Mkongwe kama mtaa wa sinema

Jumba la Royal lilifunguliwa Vuga mwaka 1921, nalo ni miongoni mwa majengo ya awali kabisa ya Afrika Mashariki yaliyojengwa mahususi kwa ajili ya sinema. Mwanzilishi wa biashara hiyo mjini, Hassanali Jariwala, alikuwa ameanza na maonyesho ya hali ya chini kabla ya kuwekeza katika jengo la fahari. Baadaye jumba hilo likaitwa Majestic. Liliteketea kwa moto mapema miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa jumba jipya lililofunguliwa mwaka 1955, kwa usanifu wa Dayalji Pitamber Sachania. Sura yake ya mbele, yenye mistari iliyonyooka na kona zilizoviringwa, ilitangaza usasa katikati ya mji wa majumba ya mawe, milango ya nakshi na baraza.

Upande wa mashariki, kando ya barabara iliyopita pwani ya ule mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, kulikuwa na Empire la Darajani, jirani na soko kuu lililofunguliwa mwaka 1904. Upande wa kaskazini, Malindi, karibu na bandari, kulikuwa na Sultana, ambalo baada ya Mapinduzi ya 1964 lilipewa jina la Cine Afrique. Kwa hiyo mji ulizungukwa na sinema pande tatu. Mtu aliyetoka Ng'ambo kuja mjini jioni alikutana na Empire kabla hajaingia vichochoroni, na baharia aliyeshuka bandarini alilikuta jumba la Malindi hatua chache mbele yake.

Nafasi ya majumba haya katika mpangilio wa mtaa ina maana kubwa. Utawala wa kikoloni ulikuwa umeugawa mji kwa misingi ya asili na kipato. Mji Mkongwe ulichukuliwa kuwa wa Waarabu, Wahindi na Wazungu, na Ng'ambo kuwa ya Waafrika na maskini, ingawa maisha halisi hayakuufuata mpaka huo sawasawa. Ndani ya sinema, mgawanyo haukuwa wa rangi kisheria bali wa bei ya kiti. Mwenye senti chache alikaa mbele, na mwenye uwezo alikaa nyuma au ghorofani, lakini wote walicheka na kulia kwa wakati mmoja. Palikuwa na mahali pachache mno mjini ambapo karani, mchukuzi wa bandarini, mwenye duka, mwanafunzi na mama wa nyumbani walishiriki tukio moja chini ya paa moja.

Wanawake walikuwa na nafasi yao mahususi. Maonyesho ya zanana, yaliyotengwa kwa wanawake peke yao, yaliwawezesha waliokuwa wakiishi kwa kufuata desturi ya staha na kutochanganyika na wanaume wageni kwenda sinema bila kuvunja desturi hiyo. Kwa wengi wao, safari ya sinema ilikuwa safari ya heshima: nguo nzuri, buibui, watoto mkononi na mazungumzo marefu njiani kwenda na kurudi.

Uchumi wa mtaa nao uliizunguka sinema. Maonyesho yalipokwisha, watu waliteremka Forodhani kununua mishkaki, maji ya miwa na vitafunwa vingine. Mafundi cherehani walishonea wateja mitindo iliyoonekana kwenye filamu. Vikundi vya muziki vilisikiliza na kuchukua. Filamu za Misri za miaka ya 1930 na 1940, ambamo Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab waliimba na kuigiza, ziliimarisha mvuto wa muziki wa Kimisri kwa vikundi vya taarabu vya Zanzibar, kikiwamo Ikhwani Safaa. Katika pwani ya Kenya, mwimbaji Juma Bhalo wa Mombasa alipata umaarufu mkubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Tukio moja la kutazama lilizaa ushonaji, upishi, muziki na mazungumzo.

3. Jumba la sinema kama uwanja wa Kiswahili

Filamu zilizopendwa zaidi katika miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa za Kihindi. Awara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Raj Kapoor na kumshirikisha Nargis, inasimulia habari za kijana aliyekanwa na baba hakimu na kukulia katika uhalifu. Swali lake ni kama tabia hutokana na damu au na malezi. Mother India ya 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan, inamwonyesha mama anayebeba ufukara, deni na heshima ya familia hadi mwisho wa uwezo wa binadamu. Maswali haya hayakuwa mageni kwa watazamaji wa Zanzibar. Mji uliokuwa ukijadili nasaba, uungwana, ndoa za kupangwa na haki za vijana ulijiona katika filamu hizo.

Watazamaji wengi hawakukijua Kihindi. Hapa ndipo kazi ya lugha ilipofanyika. Aliyeelewa alimnong'oneza asiyeelewa. Aliyekwisha kuitazama filamu alimtangulia mwenziwe kwa maelezo. Asiyepata tikiti alihadithiwa barazani siku ya pili. Filamu moja ilifasiriwa mara nyingi, na kila mfasiri aliongeza methali, mzaha na hukumu yake. Kuhadithia picha kukawa ustadi unaotambulika, na mwenye ustadi huo alikuwa na hadhira yake. Kwa mtazamo wa taaluma ya tafsiri, hii ilikuwa tafsiri ya papo kwa papo iliyofanywa na umma bila kozi, bila mshahara na bila kumbukumbu ya maandishi.

Msamiati uliozaliwa katika mazingira hayo unathibitisha ukubwa wa kazi hiyo. Mifano minne inatosha.

Neno sinema lenyewe limepata maana tatu. Ni filamu, ni jengo la kuonyeshea filamu, na kwa upanuzi ni tukio lolote linalovuta macho ya watu. Majirani wakigombana hadharani, husemwa kwamba wapita njia wamepata sinema ya bure. Maana ya tatu isingeweza kuzuka mahali ambapo sinema haikuwa jambo la kawaida, lenye kiingilio kinachojulikana na kila mtu.

Neno picha linaonyesha mabadiliko ya kisarufi yenye kuvutia. Picha ya ukutani au ya mkononi iko katika ngeli ya I-ZI: picha hii, picha nzuri. Lakini watu husema picha la Kihindi, kwa upatanisho wa ngeli ya LI-YA. Mabadiliko haya hufuata kanuni ya kawaida ya ukubwishaji katika Kiswahili. Picha inayojaza ukuta mzima na kudumu kwa saa tatu haiwezi kuwa sawa na picha ya pasipoti. Leo usemi huo umekwenda mbali zaidi: habari yenye vilio, migeuko na miujiza isiyosadikika huitwa picha la Kihindi, hata kama hakuna filamu inayozungumzwa.

Neno stelingi, ambalo wengine hulitamka steringi, linatokana na neno la Kiingereza starring, lililotangulia majina ya waigizaji wakuu mwanzoni mwa filamu. Watazamaji walilisoma au kulisikia, wakaliona limeandamana na jina la shujaa, wakalifanya kuwa jina la shujaa mwenyewe. Kitenzi cha lugha moja kimekuwa nomino ya lugha nyingine. Kutokana nalo umezuka msemo unaojulikana sana, kwamba stelingi hafi, unaotumiwa kumtania mtu anayejiamini kupita kiasi au kumtia moyo aliye katika dhiki. Mpinzani wake kwenye filamu huitwa adui, neno lililokuwapo tangu zamani lakini likapewa kazi mpya ya kiuigizaji.

Mwisho ni neno mlanguzi. Filamu mpya ilipokuja, tikiti zilinunuliwa kwa wingi na wachache waliosimama mapema dirishani, kisha zikauzwa nje kwa bei ya juu. Neno hilohilo lilisikika nchi nzima mwaka 1983, serikali ya Tanzania ilipoanzisha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mstari wa tikiti na mstari wa sukari vilizungumzwa kwa msamiati mmoja.

4. Sababu za kuzorota

4.1 Umiliki wa majengo

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha umiliki wa Mji Mkongwe kwa kasi. Nyumba nyingi na biashara kubwa zilichukuliwa na serikali, majumba ya sinema yakiwamo. Wamiliki wengi wa zamani waliondoka kwenda Tanzania Bara, Kenya, Uingereza, nchi za Ghuba na kwingineko. Familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zilihamia katika nyumba kubwa zilizogawanywa vyumba. Kwa upande wa haki, hatua hiyo iliwapa makazi watu waliokuwa wamenyimwa. Kwa upande wa matengenezo, ilileta tatizo ambalo halikupata ufumbuzi: jengo la mawe na chokaa linahitaji kupigwa lipu, kuzibwa paa na kukaguliwa mara kwa mara, na wapangaji waliolipa kodi ndogo au wasiolipa kabisa hawakuwa na uwezo wala mamlaka ya kufanya hivyo. Wakati huohuo, nguvu za ujenzi za serikali zilielekezwa Ng'ambo, hasa katika nyumba za maendeleo za Michenzani zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mji Mkongwe ukabaki nyuma.

Jumba la sinema lilikuwa katika hali hiyohiyo, kwa ukali zaidi. Mmiliki binafsi aliyetegemea mapato ya mlangoni alilazimika kupaka rangi, kubadilisha viti na kusikiliza wateja wanataka filamu gani. Jumba lililokuwa chini ya idara ya umma lilipeleka mapato mahali pengine na kusubiri kibali cha kununua balbu.

4.2 Filamu na fedha za kigeni

Biashara ya sinema ilitegemea mzunguko. Nakala moja ya filamu ilioneshwa katika mji mmoja, ikapelekwa mwingine, hadi ikaimaliza kanda. Miji ya Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Nairobi na Kampala iliunganishwa na mikanda iliyosafiri. Mfumo huo ulihitaji uhuru wa kuagiza, mipaka iliyo wazi na fedha za kulipia. Katika miaka ya 1970 vyote vitatu vilitikisika. Tanzania Bara, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilikabidhiwa jukumu la kuagiza na kusambaza filamu. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa kwa sheria. Mwaka 1972 Wahindi wa Uganda walifukuzwa na Idi Amin, na pamoja nao wakaondoka wenye majumba na wasambazaji wa filamu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza akiba iliyokuwapo.

Kwa Zanzibar, fedha za kigeni zilitoka katika karafuu. Bei ya zao hilo ilipoanguka katika soko la dunia miaka ya 1980, serikali ililazimika kuchagua kati ya dawa, mchele, mafuta na mahitaji mengine. Mikanda ya filamu na vipuri vya mitambo haikuweza kushindana na mchele. Matokeo yake yaliwafikia watazamaji moja kwa moja: filamu zilezile zikarudiwa, mikanda ikakatika katikati ya onyesho, sauti ikakwaruza, viti vikavunjika, na familia zenye staha zikaacha kuja.

4.3 Televisheni na video

Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, nayo inatajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Tofauti hii ya miaka 21 ni kipimo kizuri cha kihistoria. Kama televisheni ingekuwa sababu kuu ya kufa kwa majumba ya sinema, majumba ya Zanzibar yangekufa miongo miwili kabla ya yale ya Dar es Salaam na Tanga. Haikuwa hivyo. Majumba ya pande zote mbili yalidhoofika katika kipindi kinachokaribiana, yaani miaka ya 1980 na 1990. Kilichofanana pande zote mbili ni umiliki uliobadilishwa, uagizaji uliobanwa na majengo yasiyotengenezwa. Televisheni ilifika kwa nyakati tofauti kabisa.

Video ilikuwa na athari kubwa zaidi kuliko televisheni, lakini nayo iliingia katika nafasi iliyokwisha kuachwa wazi. Ndugu waliohamia Oman na Falme za Kiarabu walileta mashine na kanda. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, kanda zikapatikana kwa urahisi. Filamu mpya ya Kihindi iliweza kutazamwa sebuleni ikiwa safi, ilhali jumba la Vuga lilikuwa likionyesha nakala iliyochakaa. Chaguo la mtazamaji halikuwa gumu.

5. Maneno bila majengo

Miaka ya 1990 na iliyofuata iliyabadilisha majumba haya moja baada ya jingine. Empire na Cine Afrique yaliingia katika biashara ya maduka. Majestic lilibaki limesimama, lakini ukumbi wake ukapoteza paa.

Hali hii si ya Zanzibar peke yake. Kampala, jumba la Norman liligeuka kanisa katika miaka ya 1980. Nairobi, majina ya Globe na Odeon yanatumika kila siku na abiria wa matatu kutaja mahali, na wengi wanaoyatamka hawajawahi kutazama filamu humo. Jina la mahali hudumu kuliko mahali penyewe. Hii ni kanuni inayojulikana katika taaluma ya majina, na kwa mji ni onyo pia: jina likikosa maelezo, kizazi cha tatu hakitajua limetoka wapi.

Kazi ya kufasiri filamu kwa umma nayo haikufa, ilihama. Katika vibanda vya video vya Tanzania, Kenya na Uganda walizuka wasimulizi wanaozungumza juu ya sauti ya filamu, wakieleza, wakikejeli na kutabiri. Tanzania alijulikana Lufufu, na Kenya amejulikana DJ Afro. Uganda kazi hiyo imestawi zaidi kwa Kiganda. Wasimulizi hawa ni warithi wa yule mnong'onaji wa Majestic na mhadithiaji wa barazani. Tofauti ni kwamba zamani kila mtazamaji aliweza kuwa mfasiri. Sasa mfasiri ni mmoja, na wengine ni wasikilizaji. Vilevile, kibanda kimekuwa zaidi mahali pa vijana wa kiume. Mama aliyekwenda zanana na mzee aliyekaa kiti cha nyuma hawakupata nafasi humo. Kiswahili cha sinema kimeendelea kukua, lakini kimekua katika sehemu moja tu ya jamii.

Kwa mantiki hiyo, kuzorota kwa mtaa hakupimwi kwa kuta zilizoanguka pekee. Kunapimwa pia kwa idadi ya watu wa rika, jinsia na asili tofauti wanaoendelea kukutana mahali pamoja na kulazimika kueleweshana. Kwa kipimo hicho, Mji Mkongwe wa leo, wenye wageni wengi na hoteli nyingi kuliko wakati wowote katika historia yake, una upungufu ambao takwimu za utalii haziuonyeshi.

6. Urithi kwa ajili ya nani?

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango mkuu wa uhifadhi ukatayarishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hatua hizo ziliokoa majengo mengi. Hata hivyo, kuanguka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, na vifo vya watu wawili vilivyotokea, kulionyesha kwamba cheo cha urithi hakimpi jengo fundi.

Uhifadhi umeegemea zaidi majengo ya karne ya 19: makasri, ngome na nyumba za wafanyabiashara. Jumba la sinema, likiwa jengo la karne ya 20 na la burudani, limechelewa kutambuliwa kuwa urithi. Wakati huohuo, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limekuwa likitumia Ngome Kongwe kuwa ukumbi wake mkuu, chini ya anga. Mwaka 2021 riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, inayohusu Zanzibar ya miaka ya 1950, ilitolewa kuwa filamu chini ya uongozi wa Amil Shivji. Mji unaozalisha na kusherehekea filamu ulikuwa umeyaacha majumba yake ya kuonyeshea filamu.

Juhudi za kulifufua Majestic, zinazoongozwa na taasisi ya Hifadhi Zanzibar, zinastahili kuungwa mkono kwa sababu zinarudisha swali la matumizi katika mjadala wa uhifadhi. Hatari iliyopo ni kulirudisha jengo bila kuurudisha mtaa. Ukumbi uliokarabatiwa vizuri lakini wenye kiingilio ambacho mkazi wa Ng'ambo hawezi kukimudu utakuwa umeifuta ile sifa moja iliyoufanya uwe wa kihistoria.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba majumba ya sinema ya Mji Mkongwe yalistawi kwa sababu yaliunganisha biashara iliyosikiliza wateja, mzunguko wa filamu uliovuka mipaka, na hadhira iliyochanganyika. Yalizorota viungo hivyo vitatu vilipokatwa kimoja baada ya kingine. Televisheni na video ziliharakisha mwisho, lakini hazikuuanzisha. Aidha, imeonyeshwa kwamba majumba hayo yalikuwa karakana ya Kiswahili, na kwamba sinema, picha la Kihindi, stelingi na mlanguzi ni ushahidi wa kihistoria sawa na ulivyo ushahidi wa hati na ramani.

Kutokana na hoja hizo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, Baraza la Kiswahili la Zanzibar na Baraza la Kiswahili la Taifa, kwa kushirikiana na vyuo vikuu, yakusanye masimulizi ya watazamaji, wakata tikiti na waendesha mitambo wa zamani, na wanawake waliohudhuria maonyesho ya zanana wapewe kipaumbele, kwa kuwa sauti zao ndizo zilizorekodiwa kidogo zaidi. Kazi hii haina muda wa kusubiri. Aliyekuwa na miaka 15 Majestic jipya lilipofunguliwa mwaka 1955 alizaliwa mwaka 1940. Pili, watunzi wa kamusi waingize maana za kisinema za maneno yaliyojadiliwa pamoja na historia yake, badala ya kuyaacha katika kundi la maneno ya mitaani. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu utafiti linganishi wa msamiati wa sinema katika nchi wanachama, kwa kuwa mikanda iliyosafiri ilisafiri na maneno. Nne, kila mpango wa kukarabati jumba la zamani la sinema uambatane na sharti la matumizi ya umma: siku za kiingilio nafuu, maonyesho ya filamu za Kiswahili, na nafasi kwa wanawake na wazee wa mtaa.

Mamlaka za mipango miji huuliza jengo fulani lina thamani gani ya usanifu na litaingiza mapato kiasi gani. Historia ya Vuga, Darajani na Malindi inadai swali la tatu liulizwe kabla ya kibali chochote kutolewa: ni akina nani waliokuwa wakikutana hapa, na wakikosa hapa, watakutana wapi?